Mwiteni na Baba Asikie

Mama anayejifungua mtoto mwenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji na uelewa, huku kwetu Nile Magharibi nchini Uganda mara nyingi hupewa habari hiyo akiwa peke yake. Daktari au nesi humtazama mtoto macho, humfungua kiganja, humnyanyua aone jinsi alivyo mlegevu, kisha humwambia mama maneno machache, maana wodi imejaa na kazi ni nyingi. Mume yuko nje ya lango, au yuko kazini. Mama mkwe yuko nyumbani anapika uji wa mzazi. Basi mama huyo, ambaye hata kukaa vizuri bado kunamtesa, ndiye anayerudi kueleza mambo ya kromosomu, zile nyuzi za urithi zilizo mwilini, kwa ukoo mzima. Na ndiye huyohuyo ambaye ukoo utamshtaki.

Ninafundisha baiolojia sekondari hapa Arua, na mimi ni shangazi wa mtoto mwenye sindromu ya Down, mwana wa kaka yangu. Kwa mila zetu shangazi ana kiti katika mambo ya ukoo. Husikilizwa hata pale ambapo mke wa nyumba hasikilizwi. Kiti hicho nimekitumia. Ninaandika kwa sababu najua wapo akina shangazi, wajomba na nyanya wengi wanaosoma Kiswahili, kuanzia Oli hapa mjini hadi Bombo, na hadi Kisenyi kule Kampala, walio na mtoto kama huyu nyumbani na hawajapata mtu wa kuwaeleza kwa nini alizaliwa hivyo.

Wifi yangu alikuwa na miaka 24 alipomzaa. Kabla ya arobaini ya mtoto, sababu zilikuwa zimeshapatikana, na zote zilimwangukia yeye. Mmoja alisema ni sindano ya uzazi wa mpango. Mwingine alisema wifi alimcheka mlemavu sokoni akiwa na mimba. Mama yangu mzazi alisema ni kijicho cha watu. Lakini lililomuumiza wifi kuliko yote lilikuwa neno la macho. Macho ya mtoto yamepanda kidogo upande wa nje, na upande wa pua yana kikunjo cha ngozi. Pua yenyewe ni bapa. Siku zile mafundi wa barabara kutoka China walikuwa wakionekana mjini. Watu wakapiga hesabu yao. Kaka yangu, mtu mpole ambaye sijamsikia akimtukana mtu, akaacha kumbeba mtoto.

Nimewajua wanawake waliorudishwa kwao kwa sababu ya macho ya mtoto. Kwa hiyo sitalipita jambo hili haraka.

Kosa la kusoma kabila la mtu kwenye macho ya mtoto mgonjwa lina historia ndefu, na lilifanywa na wasomi kabla halijafika uani kwetu. Mwaka 1866 daktari Mwingereza John Langdon Down, aliyesimamia makazi ya watu wenye ulemavu wa akili huko Earlswood, Surrey, aliandika makala akieleza kundi la watoto waliofanana sana kwa sura ingawa hawakuwa ndugu. Kuona kwake kulikuwa kwa makini, na ndiyo maana hali hii ina jina lake. Lakini alipotafuta maelezo aliwapanga watoto hao kwa mataifa ya dunia na kuwaita Wamongolia, kana kwamba mtoto wa Kiingereza anaweza kuzaliwa Mwasia kwa sababu damu imeharibika. Chanzo alikiona kwa wazazi: alidhani ni kifua kikuu. Jina hilo lilikaa vitabuni karibu miaka mia moja. Mwaka 1961 wanasayansi kadhaa waliandika barua katika jarida la kitabibu la Lancet kutaka liachwe, na mwaka 1965 Mongolia yenyewe ikaliomba Shirika la Afya Duniani liache kulitumia.

Macho ya mtoto wetu hayakutoka China. Watoto wenye sindromu ya Down wanazaliwa China, wanazaliwa Norwei, wanazaliwa Koboko hapa jirani, na kila mahali wana macho yaliyopanda kuliko ya ndugu zao. Ukimtazama mtoto wetu vizuri, masikio ni madogo kwa sababu ya hali yake, lakini paji la uso ni la marehemu baba yetu, na kila aliyemjua marehemu anakubali.

Nilimwomba kaka aite wazee. Nilimwambia waziwazi kwamba nataka wanaume wawepo, na mama awepo, na wifi akae karibu nami, asikae jikoni. Walikuja Ijumaa baada ya swala. Maelezo ya kromosomu ninayajua kwa ubao na chaki, lakini pale hapakuwa na ubao. Palikuwa na ndala mlangoni. Nikatoka nao barazani, nikazipanga ndala zile jozi kwa jozi, nikaongeza viatu vya watoto na vya majirani mpaka zikatimia jozi 23.

Nikawaambia: karibu kila chembe ya mwili wa binadamu, ya ngozi, ya damu, ya moyo, ina maelekezo yake yaliyofungwa katika nyuzi zinazoitwa kromosomu, nazo ni 46, yaani jozi 23. Katika kila jozi, mmoja umetoka kwa baba na mwingine kwa mama. Mwili unapotengeneza yai, au mbegu ya kiume, hauwezi kutoa jozi nzima, maana mtoto angekuwa na mara mbili ya kinachotakiwa. Hutoa mmoja kutoka kila jozi. Nikachukua ndala moja moja, nikazisogeza upande: hili ni yai, lina 23. Hii ni mbegu, ina 23. Zikikutana, jozi zinarudi.

Kisha nikaishika jozi namba 21, niliyoiwekea ndala ndogo za mtoto, kwa sababu ni katika kromosomu ndogo kabisa. (Waliozipa namba walikusudia kuzipanga kutoka kubwa hadi ndogo, baadaye ikajulikana kwamba ya 21 ni ndogo hata kuliko ya 22, lakini namba hazikubadilishwa.) Nikasema: safari hii, jozi hii haikuachana. Zote mbili zimekwenda kwenye yai. Yai lina 24. Mbegu ikaleta 23 zake kama kawaida. Mtoto akaanza na 47, ya 21 zikiwa tatu. Chembe hiyo ya kwanza ikagawanyika kuwa mbili, nne, nane, mpaka mtoto mzima, na kila chembe ikarithi zile tatu.

Baba Mkubwa, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, alikuwa kimya muda wote. Akauliza, "Mwalimu, nani aliyezuia zisiachane?"

Nikamjibu kama ninavyowajibu wanafunzi, maana ndilo swali lenyewe. Msichana huzaliwa na mayai yake yote. Kazi ya kugawa kromosomu katika mayai hayo huanza yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake, kisha husimama katikati. Kila yai hungoja hapo mpaka mwezi wake wa kupevuka ufike, pengine miaka 15 baadaye, pengine 24, pengine 40. Ndipo kazi huendelea. Katika kungoja huko, vile vinavyoshikilia jozi pamoja na vile vinavyozivuta ziachane huweza kulegea. Hakuna chakula, hakuna sindano, hakuna kazi nzito, hakuna tendo la mtu linalojulikana kusababisha jambo hili, wala la kulizuia.

"Kwa hiyo yai hilo lilianza kazi yake wakati mama wa mtoto hajazaliwa?"

"Ndiyo, Baba Mkubwa."

"Basi hakuna tunachomdai huyu binti."

Sikuishia hapo, kwa sababu nisingependa ukoo uondoke na nusu ya habari. Kati ya watoto kumi wenye kromosomu ya ziada, kama tisa wameipata kwenye yai. Waliobaki wameipata kwenye mbegu ya baba, au mgawanyiko ulikosea baada ya mimba kutungwa. Kaka yangu alilisikia hilo, na nilihakikisha amelisikia. Kwa mtoto mmoja mmoja, bila vipimo vya pekee, hakuna anayeweza kusema kromosomu ya ziada ilitoka upande gani.

Umri wa mama una uzito wake, na hapa watu huchanganyikiwa. Mwanamke wa miaka 25 ana uwezekano wa karibu 1 katika 1,200 wa kuzaa mtoto mwenye sindromu ya Down. Akifika 35 ni karibu 1 katika 350, akifika 40 ni karibu 1 katika 100, na akifika 45 ni karibu 1 katika 30. Kwa hesabu hizo watu husema ni hali ya watoto wa mama wazee, na mama kijana akiipata anashangaliwa kama aliyefanya jambo. Lakini wanawake wanaozaa wengi ni vijana, kwa hiyo hata uwezekano wao ukiwa mdogo, watoto wengi wenye sindromu ya Down huzaliwa na mama walio chini ya miaka 35. Na kwa nchi kama Uganda, ambapo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha wastani wa watoto 5.2 kwa mwanamke, tuna mama wadogo wengi sana na pia tuna wanawake wanaoendelea kuzaa baada ya 40. Ni hali ya kawaida ya uzazi wa binadamu, na kila wilaya inayo.

Tena kuna jambo ambalo wanawake waliopoteza mimba hulisikiliza kwa namna yao. Kromosomu kukosea kuachana si jambo adimu. Karibu nusu ya mimba zinazotoka katika miezi ya mwanzo huwa na kasoro ya kromosomu. Jozi nyingine zikikosea, za kromosomu kubwa zenye jeni (ndiyo maelekezo yenyewe) nyingi, mimba haifiki. Ya 21 ina jeni chache, zaidi kidogo ya 200 kati ya takriban 20,000 zinazotengeneza protini, ndiyo maana mtoto mwenye tatu anaweza kuzaliwa, kukua, kusoma na kuzeeka. Na hata hivyo mimba nyingi za namna hii hutoka mapema. Mtoto anayefika mikononi mwenu amepita palipowashinda wengi.

Wanafunzi wangu wa kidato cha nne huwa nawasimulia habari za Marthe Gautier, na nitawasimulia na ninyi. Mpaka mwaka 1956 hata idadi ya kromosomu za binadamu ilikuwa imekosewa; ndipo Joe Hin Tjio na Albert Levan, wakiwa Lund nchini Uswidi, walipozihesabu vizuri na kupata 46. Marthe Gautier alikuwa daktari kijana wa watoto katika hospitali ya Trousseau mjini Paris. Alikuwa amejifunza Marekani namna ya kuotesha chembe hai katika chupa, na hakuna mwingine pale aliyeijua kazi hiyo. Profesa Raymond Turpin alikuwa akifikiri siku nyingi kwamba sindromu ya Down huenda ikatokana na kromosomu. Gautier akaomba apewe nafasi ya kutafuta. Maabara ilikuwa duni, fedha hakuna. Alifuga jogoo ili apate plazima, yaani majimaji ya damu, ya kuoteshea chembe, na seramu aliitoa kwenye damu yake mwenyewe. Akaziotesha chembe za watoto wazima, akahesabu 46. Akaziotesha za mtoto mwenye sindromu ya Down, akahesabu 47. Darubini yake haikuweza kupiga picha. Jérôme Lejeune, mtafiti mwenzake, akachukua vioo vyenye chembe hizo akavipiga picha kwingine. Makala ilipotoka Januari 1959, jina la kwanza lilikuwa la Lejeune, na la Gautier lilikuwa la pili, limeandikwa vibaya. Amefariki mwaka 2022, na katika miaka yake ya mwisho alilieleza jambo hilo mwenyewe.

Ninamsimulia kwa sababu mpaka yeye alipozihesabu zile 47, hapakuwa na ushahidi popote duniani wa kumtoa mama katika lawama. Ulaya nao walikuwa wakilaumu kifua kikuu, kaswende, pombe, na uchovu wa kizazi cha mama. Ushahidi ulikuja kupitia damu ya mwanamke aliyeutafuta kwa mikono yake.

Ukishajua kwamba ya tatu imo katika kila chembe, unajua pia kwamba hakuna wa kuitoa. Hakuna mizizi, hakuna maji ya kuombewa, hakuna vidonge vya duka la dawa. Nasema hivi bila kumdharau anayeomba, maana na mimi ninaomba. Lakini fedha inayokwenda kwa mganga ingekuwa ya eko ya moyo, kile kipimo cha kuutazama moyo ukifanya kazi, na hapo ndipo ninapotaka kukaa.

Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo. Inayowapata wao hasa kuliko watoto wengine ni tundu kubwa katikati ya moyo, pale vyumba vya juu na vya chini vinapokutana, ambapo hata vali, ile milango ya moyo, hazijatengana. Damu inayotakiwa kwenda mwilini hurudi kwenye mapafu kwa nguvu. Mtoto hunyonya kidogo, huchoka, hutokwa jasho kichwani akiwa titini, hupumua mbiombio, uzito hauongezeki, na kila mara anaambiwa ana nimonia. Wengine hawaonyeshi chochote miezi ya mwanzo, na hata daktari akisikiliza kwa kifaa chake hasikii kitu. Kwa hiyo kila mtoto mwenye hali hii anatakiwa apimwe eko, hata kama ananenepa. Na muda una maana yake: tundu kubwa la namna hii hufungwa vizuri katika miezi ya kwanza, mara nyingi kati ya wa tatu na wa sita. Likiachwa, mishipa ya mapafu hukakamaa kwa ule msukumo, na ikishakakamaa upasuaji hauwezekani tena.

Wetu alikuwa anatokwa jasho. Kituo kimoja cha afya kilimtibu nimonia, akarudi, kikamtibu tena. Wifi alikuwa ameshaona kwamba kuna jambo, maana mama ndiye anayemshika mtoto usiku, lakini eko ya moyo wa mtoto ilimaanisha Kampala: basi la usiku, Pakwach, Karuma, karibu kilomita 500, kisha Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, na kula na kulala kwa siku zisizojulikana. Mwanamke anayeshukiwa kwamba mtoto si wa ukoo hawezi kuuomba ukoo nauli. Mbuzi ni za nani? Shamba ni la nani? Kila senti ilikuwa mikononi mwa watu waliokaa barazani siku ile ya ndala, na kama wasingeelezwa, mtoto angeendelea kupewa dawa ya kifua mpaka mapafu yakakamae. Baba Mkubwa alitoa wa kwanza. Mtoto alifanyiwa upasuaji kabla ya kutimiza mwaka.

Kule Marekani mwaka 1983 mtu mwenye sindromu ya Down alitarajiwa kuishi miaka kama 25. Leo ni karibu 60. Kromosomu ni zilezile. Kilichobadilika zaidi ni kufungwa kwa matundu ya moyo, antibiotiki, na watoto kulelewa nyumbani kwao badala ya kutupwa katika makazi.

Kuna hatari nyingine lazima niitaje kwa jina: ebiino, au meno ya plastiki kama wanavyosema wengine, yaani imani kwamba meno machanga yaliyo ndani ya fizi ndiyo yanayomwuguza mtoto. Mtoto mwenye sindromu ya Down misuli yake ni milegevu, hata ya ulimi na midomo, kwa hiyo kunyonya humchukua muda na ulimi huonekana nje. Anapata homa mara nyingi. Basi jirani anasema ana ebiino, apelekwe yakang'olewe, na mtu anachokonoa fizi za mtoto mchanga kwa kitu kisicho safi. Hili linaua watoto wenye moyo mzima. Mwenye moyo wenye tundu, vijidudu vinavyoingia kupitia fizi vinaweza kwenda kukaa kwenye moyo wenyewe. Mtoto asiyenyonya vizuri anahitaji mama akamue maziwa amnyweshe kwa kikombe au kijiko, amshike akiwa amekaa wima zaidi, amnyonyeshe kidogo kidogo mara nyingi, na apelekwe hospitali. Tafadhali msimruhusu mtu yeyote aguse fizi zake.

Mengine nitayasema kwa ufupi, maana yakijulikana yanashughulikiwa. Tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, hudhoofika kwa wengi wao. Dalili zake ni uchovu, kufunga choo, ngozi kavu, kukua polepole, na watu hudhani ndivyo walivyo watoto hawa. Kipimo ni cha damu, hufanywa mapema utotoni kisha kila mwaka, na dawa yake ni kidonge. Masikio huziba kwa majimaji ya ndani, na mtoto asiyesikia hawezi kusema. Wengi walioitwa wazito wa kuelewa walikuwa hawasikii. Macho yapimwe. Shingo isivutwe wala kukunjwa kwa nguvu, na daktari wa usingizi akumbushwe kabla ya upasuaji wowote, kwa sababu mifupa ya juu ya shingo inaweza kuwa imelegea. Kukaa, kutambaa na kutembea vitachelewa. Wengi hutembea karibu na miaka miwili, wengine hata minne. Kuelewa hutangulia kusema kwa mbali sana: mtoto wetu alikuwa analeta kitu ulichomtuma muda mrefu kabla ya kukitaja.

Na kuna watoto ambao hata hawatambuliwi. Kwa miaka mingi picha za vitabu vya udaktari zilikuwa za watoto wa Kizungu, na nesi aliyesomea picha hizo humtazama mtoto wa Kilugbara au wa Kinubi akaona mtoto wa kawaida mwenye uso bapa. Mwaka 2016 taasisi ya utafiti wa jeni ya serikali ya Marekani ilianzisha mkusanyo wa picha za watu wa mataifa mbalimbali, Waafrika wakiwemo, ili madaktari wajifunze kutambua hali kama hizi katika nyuso zote. Ishara ambayo manesi wetu wazee huiamini ni ule ulegevu: mtoto unayemnyanyua akateleza mikononi. Ukiongeza nafasi pana kati ya kidole gumba cha mguu na cha pili yake, na mstari mmoja unaokata kiganja (ingawa mstari huo wapo watu wazima wa afya wanao), ni haki kuomba daktari amtazame.

Shule nitaizungumzia siku nyingine, kwa sababu ni makala nzima. Nitasema tu kwamba elimu ya msingi kwa wote ilipoanza mwaka 1997, watoto wenye ulemavu walitajwa wapewe kipaumbele, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inakataza mtoto kubaguliwa shuleni kwa ulemavu wake. Shule moja ilimkataa wetu kwa mdomo, mlangoni. Tulimpeleka kwingine, na mwalimu wake wa sasa anatumia ishara za mikono pamoja na maneno, na darasa zima limezijifunza.

Kwa ndugu zangu manesi, wakunga na madaktari, ombi langu ni moja. Mkimwona mtoto huyu, msimwambie mama peke yake na kumwacha aende. Mwiteni na baba asikie. Akiwa safarini, mwambieni mama arudi kliniki siku ya chanjo pamoja na baba, au shangazi, au mama mkwe, na muwaeleze wote kwa lugha wanayoiota usiku. Mhudumu wa timu ya afya ya kijiji anaweza kuwafuata nyumbani. Dakika ishirini zinatosha. Semeni kwa sauti, mbele ya wenye mbuzi na mashamba, kwamba mama hakufanya kitu, na kwamba moyo wa mtoto upimwe mwezi huu.

Swali linalobaki, na wanawake huniuliza pembeni, ni hili: nikizaa tena? Kwa watoto 95 katika 100 wenye sindromu ya Down, kromosomu ya tatu iko huru, kama nilivyoonyesha kwa ndala. Hiyo hairithiwi, na uwezekano wa kurudia kwa mama kijana ni kama 1 katika 100. Wachache, 1 au 2 katika 100, wana mchanganyiko: baadhi ya chembe zina 47 na nyingine 46. Lakini 3 au 4 katika 100 wana kipande cha 21 kilichojishikiza kwenye kromosomu nyingine, mara nyingi ya 14, na hapo huenda baba au mama amekibeba bila kujua, mwenyewe akiwa mzima kabisa. Mama akikibeba, uwezekano wa kurudia hufika 10 hadi 15 katika 100. Baba akikibeba ni mdogo zaidi. Na kama zilizoshikana ni 21 kwa 21, kila mtoto atakayezaliwa hai atakuwa na hali hii. Kuwatazama wazazi hakutoshi kujua. Anapimwa mtoto kwanza, kwa damu kidogo, kromosomu zake zihesabiwe na kupangwa. Ikionekana ya tatu iko huru, wazazi hawana haja ya kupimwa. Ikionekana imejishikiza, wapimwe wote wawili, na ndugu zao waambiwe.

Ya mtoto wetu ilikuwa huru. Tulilipia kipimo hicho baada ya kujikusanya, na siku ya majibu kaka na wifi waliingia kwa daktari pamoja, mama yangu akaingia nyuma yao bila kuitwa. Daktari alipomaliza habari za kromosomu akauliza kama kuna mwenye swali. Mama yangu alikuwa nalo: kidonge cha thairoidi kinanywewa kabla ya chai au baada? Akaambiwa kabla, nusu saa nzima, tumbo likiwa tupu. Tangu hapo chai ya asubuhi nyumbani kwao inasubiri.